Siku 30 ni bora kuliko 180

Mteja wangu alinipigia simu mara tu ndege ilipotua, sauti imejaa furaha. Viza yake ya ukaazi wa Meksiko imo ndani ya pasipoti, afisa amemgongea muhuri bila swali hata moja, na juu ya muhuri ameandika kwa kalamu: 180. "Kaka, wamenipa nusu mwaka nzima!" Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko kwenye mkanda wa mizigo. Nikamwambia aliache begi lizunguke, arudi dirishani sasa hivi.

Kazi yangu hapa Guadalajara ni karatasi za wageni. Najaza fomu, nawasindikiza watu ofisi za uhamiaji, natafsiri pale Kihispania kinapowakaba. Wateja wengi ni wastaafu wa Marekani na Kanada, lakini Waswahili nao hawakosi: waliooa au kuolewa huku, waliohamishwa na kampuni, wanafunzi, na wale waliohama mara mbili, wametoka Mombasa au Bukavu wakaenda Toronto na sasa wako huku. Kosa la siku 180 nimelikuta kwa wote, wenye shahada na wasio nazo. (Wanaopitia Tapachula, mji wa mpaka wa kusini, kuomba hifadhi wana njia yao na taasisi yao, COMAR, tume ya wakimbizi. Hao siwasemei hapa.)

Tatizo ni kwamba tunausoma muhuri kama zawadi ya siku, siku zikiwa nyingi tunashangilia. Lakini muhuri wa Meksiko kwanza unasema wewe ni nani. Sheria ya Uhamiaji ya 2011, iliyoanza kufanya kazi kikamilifu pamoja na kanuni zake Novemba 2012, iliwagawa wageni katika mafungu: visitante, yaani mgeni wa kupita, residente temporal, mkaazi wa muda, na residente permanente, mkaazi wa kudumu. Wenyeji wa zamani bado utawasikia wakitaja "FM3" kana kwamba ipo. Hizo ni hati za utaratibu wa kale, ukiambiwa na mtu kwamba unaihitaji jua kwamba taarifa zake zimechacha.

Siku 180 ndicho kikomo cha mgeni wa kupita. Mwenye viza ya ukaazi anaandikiwa 30, na pembeni neno canje, maana yake kubadilisha. Viza ile uliyobandikiwa ubalozini haikupi haki ya kuishi Meksiko. Inakufikisha mlangoni tu, tena mara moja. Ukishaingia una siku 30 za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo, uende ofisi ya Instituto Nacional de Migración, idara ya uhamiaji, kuanza kuibadilisha iwe kadi ya ukaazi. Na wanachanganyikiwa zaidi kwa sababu viza yenyewe ina uhai wa siku 180 tangu itolewe, kwa hiyo namba hiyo ipo machoni pa afisa na machoni pako. Yeye ana foleni ya watu mia mbili wanaokwenda ufukweni. Mkono wake umeshazoea.

Ukishaandikwa visitante, mfumo unakujua hivyo, na mgeni wa kupita haruhusiwi kubadili hali yake akiwa ndani ya nchi, isipokuwa kwa sababu za kibinadamu au kama ana ndugu wa karibu aliye raia au mkaazi. Asiye na ndugu, safari yake ya ubalozini imekwenda na maji. Ndiyo maana nasisitiza: usome muhuri ukiwa bado umesimama mbele ya aliyeugonga. Sentensi moja inatosha, hata kama Kihispania chako kinaishia kwenye salamu: "Tengo visa de residente, es para canje," yaani nina viza ya ukaazi, ni ya kubadilisha. Mwambie huku umefungua ukurasa wa viza, usimpe pasipoti iliyofungwa.

Mteja wangu alirudi, maafisa wakanung'unika kidogo, wakamrekebishia. Begi alilikuta.

Mwenye kadi naye hayuko salama. Viwanja vikubwa vya ndege vimeweka mageti ya kielektroniki kwa baadhi ya pasipoti, zikiwemo za Marekani na Kanada. Unaweka pasipoti, unapigwa picha, mlango unafunguka, inatoka karatasi ndogo ya siku 180. Haraka kweli. Ila geti linasoma pasipoti peke yake, halijui kwamba mfukoni una kadi ya ukaazi, hivyo linakuingiza kama mtalii. Mkaazi apange foleni ya binadamu, atoe pasipoti na kadi pamoja. Najua inauma kuwaona watalii wakikupita.

Mpaka wa nchi kavu una mtego wa aina nyingine. Sisi tuliozoea Namanga, ambako tangu 2018 unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo moja, tunaamini mpaka lazima ukusimamishe. Ukivuka kwa gari kutoka San Diego kwenda Tijuana, Marekani haikugongei muhuri wa kutoka, na upande wa pili forodha wakikupa taa ya kijani unaendelea na safari. Dakika chache baadaye unanunua taco mjini na hakuna afisa uhamiaji aliyekuona. Ofisi yao ipo palepale, ila unaitafuta mwenyewe: unaegesha, unaingia, unaomba uandikishwe. Mwenye viza mpya ya ukaazi akipita bila kugongewa, zile siku 30 hazina pa kuanzia, na ofisi ya mjini itamuuliza aliingia lini na wapi.

Sasa kadi. Ya kwanza kwa kawaida ni ya mwaka mmoja. Ikikaribia kuisha unaweza kuomba mwaka mmoja, miwili au mitatu, mradi jumla ya ukaazi wa muda isizidi minne. Baada ya hapo unaomba kuwa mkaazi wa kudumu. Mimi huwashauri watu wachukue mitatu wakiweza. Ada yake haifiki mara mbili ya ada ya mwaka mmoja, na unaepuka foleni mbili. Viwango hubadilika kila Januari, kwa hiyo risiti ya rafiki yako ya mwaka jana isikuongoze benki.

Maombi hupokelewa ndani ya siku 30 za mwisho kabla kadi haijaisha. Ukienda mapema utarudishwa. Ukichelewa ukiwa ndani ya nchi umejitakia faini na usumbufu. Kadi ikiishia mkononi ukiwa nje, kanuni inakupa hadi siku 55 baada ya kuisha urudi, kisha uanze maombi ndani ya siku tano za kazi tangu uingie. Siku hizo 55 zipo kweli, lakini usizitegemee: atakayekuangalia kwanza ni karani wa shirika la ndege huko ulikotoka, naye akiona kadi imekufa hana habari na kanuni za Meksiko.

Mengine ya haraka. Ukihama nyumba, ukibadili kazi, ukioa au kuachika, toa taarifa ndani ya siku 90. Wengi hukumbuka siku ya kuhuisha kadi, na hapo faini inawasubiri. Kadi ya mkaazi wa kudumu mtu mzima haina tarehe ya mwisho, ya mtoto inayo. Na maombi yakiwa yanaendelea usitoke nchini bila permiso de salida y regreso, kibali cha kutoka na kurudi chenye siku 60. Msiba ukitokea nyumbani, tuanzie hapo kabla hujakata tiketi. Nimeshakaa na mtu analia ofisini huku tunasubiri karatasi hiyo, na ilitoka.

Mama mmoja wa Kipwani mwenye pasipoti ya Kanada, anayeishi Mérida, alipita kwenye geti la kielektroniki mwezi mmoja kabla ya kuhuisha kadi yake. Aligundua nyumbani, alipokuwa anafua jinzi na kukuta ile karatasi mfukoni. Kadi yake ilikuwa hai, mfumo ukamwona mtalii. Tukachagua njia fupi: akapanda basi la usiku hadi Chetumal, akavuka daraja kuingia Belize, akanywa soda, akarudi. Safari hii aliweka kadi juu ya pasipoti na hakuondoa kidole chake hapo mpaka afisa alipomaliza kuandika. Akanitumia picha ya ukurasa. Residente temporal, kwa wino wa bluu, mwandiko mbaya kabisa.