Uvimbe uliolala na uvimbe uliosimama: altrasaundi ya titi inaona nini hasa

Mtu anashuka kitandani bado anajifuta jeli, swali la kwanza ni moja tu: "Dokta, ni kansa au siyo kansa?" Sisi wa chumba cha picha tunaulizwa hilo kila siku na jibu letu huwa linakera, maana altrasaundi haioni kansa, inaona umbo. Inaona kitu kimekaaje ndani ya titi, kingo zake zikoje, nyuma yake kuna weupe au kuna kivuli, halafu sisi ndo tunapima kinaelekea upande upi.

Kwanza kifaa chenyewe. Kile cha mkononi tunachopitisha kwenye titi ni kile kilichonyooka, kinatoa sauti ya juu sana ambayo sikio halisikii, megahezi 12 hivi na kuendelea, haiingii ndani sana ila inaonyesha vitu vidogo vidogo kwa usafi. Kile kilichopinda cha kuangalia mimba ni megahezi 2 mpaka 5, kinafika mbali lakini picha yake kwa titi ni kama kusoma gazeti bila miwani. Kwahiyo kama ulipimwa titi kwa kifaa cha tumbo kwa vile ndo kilikuwepo, usishangae ukiambiwa urudie.

Kitu rahisi kuliko vyote ni kifuko cha maji. Kinaonekana cheusi tii, ukuta mwembamba, na nyuma yake pamewaka weupe kwa sababu sauti imepita kwenye maji bila kuzuiwa. Hicho kikitimiza sifa zote hatuna mjadala nacho, nenda nyumbani, ukisikia kinauma sana kinavutwa kwa sindano basi.

Kazi iko kwenye uvimbe wa nyama. Titi limejengwa kwa tabaka, mafuta juu, tezi katikati, misuli chini, zimelaliana kama chapati kwenye sahani. Uvimbe mzuri unasukuma tabaka taratibu ukapata nafasi ukalala katikati yake, ndo maana kwenye skrini una umbo la yai lililolala, upana kuzidi urefu wa kwenda chini, kingo laini kama umechorwa na kalamu, na mara nyingi una kiganda chembamba cheupe kinachouzunguka. Mabinti wengi wa miaka 15 mpaka 35 wanaokuja na kivimbe kinachoteleza chini ya kidole, ukikibana kinakimbia, huwa ni hicho, kinaitwa fibroadenoma. Uvimbe mbaya wenyewe hauna adabu ya tabaka, unakata mipaka na kupanda juu au kushuka, kwahiyo unauona umesimama, kimo kimezidi upana. Kingo zake zina miiba au kona kali au zimekatika-katika haieleweki unaishia wapi, ndani ni mweusi zaidi ya mafuta ya jirani, na nyuma unadondosha kivuli kwa vile ule ugumu wake unameza sauti. Mashine nyingine zinapima na ugumu wenyewe, na karibu zote zinaonyesha mishipa ya damu kwa rangi, inasaidia lakini mimi simhukumu mtu kwa rangi peke yake, kuna fibroadenoma zina damu nyingi tu.

Mwaka 1995 daktari wa Marekani anaitwa Stavros na wenzake walichapisha kazi ambayo mpaka leo tunaitembelea. Walichukua vivimbe vya nyama 750, vipimo vya maabara vikaja kuonyesha 125 vilikuwa saratani na 625 havikuwa. Kanuni yao ilikuwa kali: alama moja tu mbaya inatosha kukutoa kwenye kundi la wazuri, hata kama mengine yote yamekaa vizuri. Kwa kanuni hiyo walizinasa 123 kati ya zile 125. Lakini angalieni na zile mbili, zilijificha kwenye kundi la wazuri. Kuna saratani zinajua kuvaa vizuri, ile ya ute na baadhi ya zile kali za wanawake vijana zinaweza kuwa mviringo kabisa na kingo laini. Na kinyume chake kuna jipu, kuna TB ya titi, kuna kovu la upasuaji wa zamani, hivi vinaweza kuonyesha miiba na kivuli ukadhani mwisho wa dunia umefika kumbe siyo.

Ndo maana kwenye ripoti mwishoni unaona maandishi BI-RADS na namba, ni mfumo wa kupanga majibu ya picha za titi kulingana na uwezekano wa saratani. Wengi wanairuka hiyo wakati ndo ya maana kuliko maneno yote ya juu. Namba 1 na 2 umepona hofu. Namba 3 maana yake uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, unarudi baada ya miezi 6 tuone kama kimekua, na hapa ndo tunapowapoteza watu, miezi 6 inakuwa miaka 3. Namba 5 ni asilimia 95 na zaidi. Sasa namba 4 ni pana mno, kuanzia asilimia 2 mpaka 95, kwahiyo tafuta herufi pembeni yake: 4A haizidi asilimia 10, 4B inafika 50, 4C inapanda kutoka hapo. Mtu wa 4A amelia wiki nzima akidhani kahukumiwa, na wa 4C kaweka ripoti kabatini kwa vile haijaandikwa neno saratani.

Wote hao wa 4 na 5 wanahitaji kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara. Unalala, mkono juu ya kichwa, unachomwa ganzi, halafu tunaingiza sindano huku tunaiona kwenye skrini inavyokwenda mpaka kwenye uvimbe, unasikia "ta!" kama mashine ya kubana karatasi (tunakuonya kabla usiruke), inatoka nyama nyembamba kama kipande cha tambi, tunatumbukiza kwenye dawa inaenda maabara. Yale maneno kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa nimeyasikia mpaka kwa watu waliosoma, na yamewaweka watu nyumbani mpaka titi limetoboka. Hapa Tanzania wagonjwa wengi wa saratani ya titi bado wanafika ugonjwa ukiwa hatua ya 3 na 4, yaani umeshakomaa (siyo zile namba za BI-RADS), wakati WHO wanataka majibu yawe yamepatikana ndani ya siku 60 tangu mtu afike hospitali.

Wanaouliza kuhusu mamogramu, ile eksirei ya titi: chini ya miaka 30 tunaanza na altrasaundi maana titi la kijana limejaa tezi na kwenye mamogramu ni weupe mtupu. Kuanzia 40 usikubali altrasaundi iwe mbadala, zile chembe ndogo za chokaa mamogramu inaziona vizuri zaidi.

Na mkija njooni na picha za zamani hata kama bahasha imechakaa. Juzi mama mmoja kaja na ya miaka 4 nyuma, kivimbe kile kile, milimita 11 wakati ule na 11 leo, kimelala vile vile. Tulimaliza dakika 10.