Gesi ya mtungi hutambaa sakafuni: maelezo kwa wakazi wa Tanga

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa Mei 2024, kwa lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034, mitungi ya kilo 6 imeingia katika nyumba nyingi ambazo jana na juzi zilikuwa za mkaa mtupu. Wengine wameupata kwa bei ya ruzuku, wengine wametunzwa harusini. Sisi wa zimamoto tunalifurahia jambo hili, kwani mkaa nao una ajali zake. Ila maswali tunayoulizwa tukipita mitaani kutoa elimu yanaonyesha kwamba mtungi umetangulia kufika, maelezo yake yako nyuma.

Swali linaloongoza ni hili: "Afande, huu mtungi utalipuka lini?" Kana kwamba ndani mna saa inayohesabu. Mtungi ni chuma kilichopimwa kwa mgandamizo mkubwa kuliko ule unaoubeba, na una njia ya kupumua endapo joto litazidi. Tukiitwa kwenye "mtungi uliolipuka", mara nyingi tunakuta bati limeinuka, fremu ya dirisha iko uani, na mtungi umesimama palepale ulipoachwa, mzima. Kilicholipuka ni hewa ya chumba. Gesi ikishakuwa sehemu mbili tu katika mia ya hewa hiyo, cheche ya swichi ya taa inatosha.

Hapo ndipo inapotupasa kueleza tabia moja ya gesi hii ambayo watu wengi hawaijui, na wengine wanaijua kinyume. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kama mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Ikivuja haipandi kama moshi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inapita chini ya mlango, inatulia kwenye shimo la karo, chini ya kitanda, uvunguni mwa kabati. Tunaambiwa kila mara, "lakini nilifungua kile kidirisha cha juu." Kidirisha cha juu kinasaidia moshi. Gesi hii inataka mlango.

Wapo wanaotujibu kwamba gesi yetu ya Mtwara ni nyepesi, walisikia redioni. Ni kweli, gesi asilia ya Mtwara na Songo Songo ni methani, nayo hupanda. Lakini siyo hiyo iliyomo kwenye mtungi wako. Ya mtungi huletwa kwa meli ikiwa kimiminika, na lita moja ya kimiminika hicho ikitoka nje hugeuka kuwa zaidi ya lita 200 za gesi. Tunaomba hizi gesi mbili zisichanganywe tena, hata vijiweni.

Sasa nyumba zetu. Makorora, Ngamiani, Mabawa, nyumba nyingi ni za vyumba vinavyotazamana, korido moja katikati, kila mpangaji na jiko lake. Mpangaji anaogopa mtungi usiibiwe, kwa hiyo usiku anauingiza chumbani na kuusukuma chini ya kitanda, anafunga mlango na dirisha kwa sababu ya mbu. Tunaelewa kwa nini anafanya hivyo, wizi upo. Lakini amechukua kitu ambacho kikivuja hushuka chini, akakilaza chini yake. Na kweli wengine huulaza ubavu ili uingie vizuri uvunguni! Mtungi husimama wima, ukiwa umejaa au umekwisha, nyumbani au kwenye bodaboda. Ukilala, kimiminika ndicho kinachofika kwenye valvu badala ya gesi, nacho kikitoka ni baridi kiasi cha kuunguza ngozi na kinasambaa haraka mno.

Pahala pake ni uani penye kivuli, au jikoni penye mlango unaotoka nje na matundu ya hewa chini ya ukuta. Wenye nyumba tunawaomba mkubali wapangaji wajenge kijibanda cha nondo uani chenye kufuli. Gharama yake haifiki mbali, na wizi wa mitungi utapungua vilevile. Mtungi usikae karibu na jiko la mkaa linalowaka, usianikwe juani ili "upate nguvu", wala usitumbukizwe kwenye maji ya moto kukamua gesi ya mwisho. Mtungi ukitoa jasho kwa nje wakati unapika chakula cha muda mrefu, usishtuke. Kimiminika kinapogeuka gesi huvuta joto, basi. Na mtungi uliokwisha bado una gesi kidogo ndani, koki yake ifungwe.

Kuunganisha hatutaeleza kwa urefu, muuzaji aliyekufungia mara ya kwanza amekwisha kukuonyesha. Kumbuka tu povu. Koroga sabuni na maji, paka kwenye maungio ya regulata (kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi), ya mpira na ya jiko. Viputo vikichomoza, panavuja. Tusisikie tena habari za kiberiti. Kuna mzee mmoja, mtu wa heshima zake, alituambia amekuwa akijaribu mtungi kwa njiti miaka yote na haijamtokea kitu. Tulimwomba povu lianze siku hiyohiyo. Mpira ukiukunja ukaona nyufa, badili. Usiufunge kwa gundi ya plastiki wala kipande cha tyubu. Mwali wa jiko uwe wa buluu. Ukianza kuwa wa njano na sufuria kuingia masizi, jiko linahitaji kusafishwa, na hewa ya humo ndani si ya kulala nayo.

Ukisikia harufu, utaratibu ni huu, na tunaomba ufuatwe kama ulivyo. Gesi yenyewe haina harufu. Ile ya kitu kilichooza hutiwa makusudi ili ujue. Zima kila chenye moto, hata udi. Funga koki ya mtungi au regulata. Usiguse swichi yoyote, kuwasha wala kuzima, kwa sababu cheche hutokea pande zote mbili. Fungua milango na madirisha, toa watu, kisha ukiwa nje, mbali na mlango, piga 114. Ni bure kwa mtandao wowote. Taja mtaa, na kwa Ngamiani taja barabara ya ngapi na kona ya ngapi. "Karibu na msikiti" haitoshi, misikiti ni mingi. Sema kama kuna mtu ndani, mitungi mingapi na ya kilo ngapi. Usikate simu mpaka aliyepokea amekuruhusu. Mtume kijana asimame barabarani kuongoza gari, na magari yaliyoegeshwa kwenye kichochoro yaondolewe. Tunalisisitiza hili la simu za uongo pia: chini ya Sheria ya Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, kutoa taarifa ya uongo ya moto ni kosa, na namba iliyopiga huonekana. Mzazi aliyempa mtoto simu achezee asije kutuambia hakujua.

Moto ukiwa umeshika kwenye regulata au shingoni mwa mtungi, funika kwa blanketi au taulo nzito iliyoloweshwa na kukamuliwa, na mkono ufunge koki. Kama koki haifikiki au haifungi, uache uwake, toka, ondoa watu, usubiri tufike. Wananchi wengi hukasirika tukisema hivi. Lakini mwali ukiuzima na gesi ikaendelea kutoka, umebadilisha moto unaouona kwa gesi usiyoiona, inayotambaa kuelekea jiko la jirani.

Limejitokeza pia suala la kuhamisha gesi kutoka mtungi wa kilo 15 kwenda wa kilo 6 kwenye fremu za mitaani, kwa mpira na funguo. Hilo ni kosa, kwa anayefanya na anayemlinda. Biashara ya gesi inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ujazaji hufanyika kwenye kiwanda kilichoruhusiwa, na jengo la biashara hukaguliwa na zimamoto na kupewa cheti. Sababu ya kiufundi ni kwamba kiwandani mtungi huachwa na nafasi kama sehemu moja ya tano, kimiminika kipate pa kutanukia joto likipanda. Wa mtaani hujaza mpaka ushibe. Mtungi ulioshiba hivyo, ukaachwa juani mchana wa Februari, hatuwezi kuusemea. Muuzaji halali ana mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, jumlisha kilo 6, linganisha mbele yake. Ukipunjwa, malalamiko yapelekwe EWURA au Wakala wa Vipimo pamoja na risiti. Bila risiti tunabaki na neno lako na neno lake.

Jambo la mwisho linawahusu zaidi wa Raskazone, Sahare na wote wanaopata upepo wa bahari. Chumvi huanza na kitako. Kila unapokwenda kubadilisha mtungi, uinue na utazame pete ya chini na mshono wa katikati. Ukikuta kutu inabanduka kwa ukucha, ukatae, muuzaji akupe mwingine. Una haki hiyo na yeye anao wa kubadilisha. Ulio nyumbani ukifikia hali hiyo urudishwe kwa wakala, usipakwe rangi. Tumekwisha kuukuta mmoja umepakwa rangi ya mlango, kijani safi kabisa, na chini yake kidole kinaingia.