Nywila ni sahihi, mbona programu ya barua pepe inakataa?

Karani mmoja wa uhasibu alinipigia simu mwisho wa mwezi, malipo yakiwa yanasubiri barua pepe yake. "Kaka, nimebadilisha nywila mara tatu tangu jana, bado inanikatalia." Nilipofika mezani kwake nilikuta kidirisha cha kuomba nywila kinaondoka na kurudi, kinaondoka na kurudi. Kabla sijagusa kitu nilimwomba aandike nywila na kufungua akaunti hiyohiyo kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome. Ikafunguka papo hapo.

Jaribio hilo halichukui hata dakika mbili, nami nawasihi wote muanze nalo. Akaunti ikifunguka kwenye kivinjari baada ya kuandika nywila, nywila yako ni nzima. Shida iko kwenye mazungumzo kati ya programu na seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayopokea na kutuma barua zako. Ukibadilisha nywila wakati huo unajiongezea kazi, maana simu yako na kompyuta ya nyumbani nazo zitaanza kukataa. Ikikataa hata kwenye kivinjari, hapo sasa fuata utaratibu wa kurejesha nywila.

Kompyuta ya karani yule ilikuwa mpya, na fundi aliyemwekea programu alijaza mipangilio kwa mkono, akachagua njia ya nywila ya kawaida. Njia hiyo imefungwa na watoa huduma wakubwa. Google waliiondoa kwenye akaunti binafsi tarehe 30 Mei 2022, na Microsoft wakafuata kwenye akaunti binafsi za Outlook.com tarehe 16 Septemba 2024. Siku hizi programu hutakiwa kutumia OAuth2: ukurasa wa mtoa huduma mwenyewe unafunguka, unaingia humo, kisha programu inapewa kibali badala ya kushika nywila yako.

Kwa mtumiaji wa Gmail ndani ya Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, fungua mipangilio ya akaunti, nenda kwenye mipangilio ya seva, na kwenye njia ya uthibitishaji chagua OAuth2. Seva ya kupokea ni imap.gmail.com, poti (namba ya mlango wa kuunganishia) 993. Ukurasa wa kuingia ukifunguka mweupe au ukizunguka bila kufika, hakikisha Thunderbird yenyewe inaruhusu vidakuzi (cookies), vile vijifaili vya kumbukumbu ambavyo tovuti huacha kwenye kompyuta. Halafu rudia kazi hiyohiyo kwenye seva ya kutuma, smtp.gmail.com, poti 465 au 587. Wengi huishia nusu ya njia, kisha wanashangaa barua zinaingia lakini hazitoki. Kutuma kuna mipangilio yake.

Kwa Gmail, programu ya zamani isiyoijua OAuth2 inaweza kutumia nywila maalumu ya programu. Google hutoa ya herufi 16, ila lazima kwanza uwe umewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Ukibadilisha nywila kuu, hiyo ya programu inafutwa nayo, kwa hiyo utatengeneza nyingine.

Kama ulibadilisha nywila kweli, huenda programu bado inatuma ile ya zamani iliyoihifadhi. Ifute kwenye orodha ya nywila zilizohifadhiwa, ufunge programu, uifungue upya.

Tazama na saa. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo mfano wa sarafu, mara nyingi CR2032. Ikichoka, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, na cheti cha usalama cha seva, kitambulisho chake chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kinaonekana kama hakijaanza kutumika. Programu haitakubali kuunganisha hata uandike nywila mara mia. Rekebisha tarehe, kisha nunua betri.

Ninalowaomba kwa msisitizo: msifute akaunti kwenye programu ili "kuanza upya". Kama iliwekwa kwa POP, njia ya kupokea inayoshusha barua kwenye kompyuta na mara nyingi kuziondoa kwenye seva, barua za miaka yote zinaweza kuwa ndani ya kompyuta hiyo tu, seva haina nakala. Nimewahi kukaa na mtu akitafuta mikataba yake, na hakuna nilichoweza kumrudishia. Angalia kwanza aina ya akaunti. Ikiwa ni POP, nakili folda nzima ya barua kwenye diski ya nje ndipo uguse kingine.

Ukikwama, piga picha ya ujumbe wa kosa kama ulivyo, maneno yote, umtumie mtu wa TEHAMA pamoja na jina la programu na toleo lake. Nywila usiitume. Hata sisi hatuihitaji.