Nesi, maziwa hayatoki

Maneno hayo nayasikia wodini karibu kila zamu. Mama kajifungua wiki ya 30, mtoto ana kilo 1.2 na yuko kwenye chupa, kama watu wanavyoiita ile mashine ya joto. Mama mwenyewe kakaa kitandani na matiti anayoamini ni makavu. Huwa sibishani naye. Tunanawa mikono wote wawili, tunaanza.

Kwanza alikande titi taratibu. Kisha dole gumba juu, vidole viwili chini, kama sentimita 3 nyuma ya chuchu. Asukume kuelekea kifuani, abane, aachie. Abane, aachie, bila kuburuza vidole kwenye ngozi wala kuvuta chuchu. Dakika mbili tatu zinapita kavu. Halafu linachomoza tone la manjano, zito. Nalifyonza palepale kwa sirinji ndogo isiyo na sindano, maana ukilikinga kwa kikombe litaishia kuganda ukutani. Tukipata nusu mililita mimi nafurahi, na mama ananitazama kama vile namtania.

Simtanii. Hata tukihesabu mililita 60 kwa kila kilo kwa siku, mtoto wa kilo 1.2 anahitaji 72 tu kwa siku nzima, yaani 6 kila baada ya saa mbili kupitia mpira wa kulishia, na mara nyingi tunaanza na kidogo zaidi. Dang'a hiyo, yaani maziwa ya kwanza ya manjano, imejaa kinga. Utumbo wa njiti bado mchanga, unaweza kuvimba na hata kuoza, na maziwa ya mama hupunguza sana hatari hiyo. Isitoshe, maziwa ya aliyejifungua kabla ya wakati huwa na protini nyingi zaidi wiki za mwanzo.

Nilipoanza kazi haya nilikuwa nayajua kwa ajili ya mtihani. Mama mmoja alitoka kwenye upasuaji hoi, nikamhurumia: pumzika, tutakamua keshokutwa. Tulipoanza, yalikuja kwa kusuasua, tukahangaika wiki nzima. Siku hizi namfuata mama kitandani saa zilezile za mwanzo. Asipoweza kukaa, namkamulia mimi akiniruhusu. Baada ya hapo ni mara nane au zaidi kwa siku, na saa nane za usiku simu inalia anaamka, kwa sababu usiku homoni ya maziwa hupanda.

Mama mkwe huja na chupa ya uji wa pilipili manga. Shikamoo mama, uji tunaupokea kwa mikono miwili, mzazi lazima ale. Lakini titi lisilokamuliwa hupunguza kutengeneza, hata uji uwe mzito vipi. Msaada mkubwa zaidi ni yule wifi anayeosha na kuchemsha vikombe ili mama apate usingizi wa saa moja.

Kitu kingine kinachoita maziwa ni ngozi ya mtoto mwenyewe. Kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, mashine zilipokuwa hazitoshi na maambukizi yakiwamaliza watoto. Wengi bado wanaiona njia ya maskini. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ulionyesha kwamba kumweka mtoto kifuani mapema, hata kabla hajatengemaa, kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa asilimia 25. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, akae wima katikati ya matiti, miguu kama chura, shingo isipinde, kisha afungwe kwa kitenge. Wapo kina mama ambao titi linaanza kudondosha wakati bado nafunga fundo.

Kunyonya kwenyewe kunahitaji subira. Kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kukaa sawa kati ya wiki ya 32 na 34, ukihesabu tangu mimba. Atavuta mara tatu, apumzike, asinzie. "Ameshiba?" Hapana, amechoka, tunamalizia kwa kikombe, ukingo ukigusa mdomo wa chini, yeye mwenyewe aramberambe. Usimmiminie.

Kwa walioajiriwa, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza likizo ya uzazi kwa mama wa njiti hadi zitimie zile wiki 40 za mimba. Muuza vitumbua hana mwajiri wa kumwomba. Kwake huwa nawauliza ndugu: akiwa jikoni, nani atambeba mtoto kifuani? Juzi mume mmoja, fundi pikipiki, alianza kufungua vifungo vya shati kabla sijamaliza swali. Akauliza tu kama aoge kwanza. Nikamwambia ndiyo baba, oga kwanza.