Dawa yatima ni nini?

Dawa yatima ni dawa ya ugonjwa unaowapata watu wachache kiasi kwamba kampuni, ikipiga hesabu ya kawaida ya biashara, haioni namna ya kurudisha gharama za utafiti. Tatizo lilizidi nchini Marekani baada ya mwaka 1962, sheria ilipoanza kudai uthibitisho kwamba dawa inafanya kazi, na si kwamba ni salama tu. Lilikuwa sharti la haki, ila lilipandisha gharama, na magonjwa adimu yakakosa wa kuyashughulikia.

Sheria ya Dawa Yatima, iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan Januari 1983, haikuilazimisha kampuni yoyote kutengeneza chochote, iliweka vivutio. Kipo cha nafuu ya kodi kwa gharama za majaribio, lakini kinachowavuta zaidi wenye mitaji ni miaka 7 ambayo mamlaka ya dawa, FDA, haiidhinishi dawa ileile ya mshindani kwa ugonjwa uleule, hata kama hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, haipo. Umoja wa Ulaya hutoa miaka 10.

Uadimu wenyewe ni hesabu ya kisheria inayoishia mpakani: Marekani ni wagonjwa wasiofika 200,000, Ulaya ni watu wasiozidi 5 katika kila 10,000, Japani ni chini ya 50,000. Ndiyo maana selimundu, ambayo wauguzi wa Mwanza au Kampala hukutana nayo kila mara, huhesabiwa Marekani kuwa ugonjwa adimu, kwa kuwa wagonjwa wake huko wanakadiriwa kuwa 100,000 hivi.

Kuhusu bei, sheria hiyo iko kimya, na kwa maoni yangu hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Kolchisini ni dawa ya kale ya jongo, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, na vidonge vyake viliuzwa Marekani kwa takribani senti 9 kimoja bila idhini rasmi ya FDA. Mwaka 2009 kampuni moja iliidhinishiwa kolchisini yake, ikapewa miaka 3 ya ulinzi kwa jongo na ile 7 ya dawa yatima kwa homa ya kurithi ya Mediterania. FDA ikaamuru vidonge visivyo na idhini viondolewe sokoni, na kidonge kimoja kikafika karibu dola 5.