Damu imeganda, lakini wavu umefungwa mafundo?

Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji bandeji ikiwa kavu, wengi huona suala la damu limeisha. Mimi humwangalia zaidi kesho yake.

Mshipa ukikatwa, chembe sahani (vipande vidogo vya damu vinavyoziba jeraha) hujazana kwenye kolajeni, protini ya ukuta wa mshipa, iliyoachwa wazi na kuweka kizibo ndani ya dakika chache. Kizibo hicho ni laini. Kinachokishika ni wavu wa nyuzi za protini iitwayo faibrini, inayozaliwa kimeng'enya thrombini kinapokata faibrinojeni, malighafi yake iliyomo kwenye damu (kwa mtu mzima kawaida ni gramu 2 hadi 4 kwa lita ya plazima, anayevuja damu akishuka chini ya 1.5, nyuzi za kufumia zinakaribia kwisha). Kisha faktari 13, mojawapo ya protini za kugandisha damu, huzishona nyuzi hizo zishikane. Bila faktari 13 nyuzi zipo, mafundo hayapo, na wavu usio na mafundo hausitiri kitu.

Ndiyo maana upungufu wake hughilibu. Upasuaji unapita salama, halafu saa 24 hadi 36 baadaye damu inaanza kuchuruzika kwenye mshono, au kidonda kinakataa kufunga. PT na aPTT, vipimo vya muda wa damu kuganda, vinarudi kawaida, kwa sababu vipimo hivyo huishia pale faibrini inapotokea; uimara wake haviupimi. Majibu yakiwa safi na damu bado inatoka, omba kipimo cha faktari 13 yenyewe.

Wavu huohuo ndio njia ya seli za kuponya. Za kusafisha hutangulia, kisha kuanzia kama siku ya tatu fibroblasti, seli zinazojenga tishu mpya, hutambaa juu ya nyuzi na kufuma kolajeni, huku kimeng'enya plazimini kikiuyeyusha wavu kidogo kidogo. Ukiyeyuka mapema, seli zinakosa pa kushika. Donge kubwa lililobaki chini ya ngozi nalo ni balaa: linasukuma kingo zisikutane na kuwalisha bakteria.

Mwenye himofilia A, yaani upungufu wa faktari 8, anahitaji hesabu. Uniti 1 ya faktari 8 kwa kila kilo ya uzito hupandisha kiwango kwa takriban asilimia 2. Mtu wa kilo 60 aliye karibu na sifuri, akitakiwa kufika asilimia 100 kabla ya upasuaji mkubwa, atapewa uniti 3,000. Nusu yake hupotea kwa saa 8 hadi 12, kwa hiyo dozi ya asubuhi pekee haimvushi usiku. Himofilia B ni upungufu wa faktari 9: uniti 1 kwa kilo huongeza kama asilimia 1 tu, ila hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kosa ninalolichukia ni kukata dozi siku ya tatu eti kidonda kimekauka. Hapo fibroblasti ndiyo kwanza zinaingia! Upasuaji mkubwa hudai siku 7 hadi 14, kiwango kikishushwa taratibu.

Halafu kuna baridi, nayo husahaulika kila mara. Faktari nyingi ni vimeng'enya. Mwili ukishuka chini ya nyuzijoto 35 kazi yao inazorota, na chembe sahani hazishikani vizuri. Maabara hupasha sampuli hadi nyuzi 37 kabla ya kupima, hivyo karatasi itaandika kawaida huku shuka likilowa. Mfunike mgonjwa, pasha dripu zake, pima joto lake tena. Plazima (majimaji ya damu yenye faktari) unaweza kuiagiza wakati huohuo, ila usitarajie ifanye kazi ndani ya mwili wa baridi.