Jaketi la kahawia la ngozi ya farasi: angalia ukingo kabla ya uso

Kila anayeleta jaketi kwenye meza yangu ana hamu ya kusikia neno moja tu: farasi. Akishalisikia, hasikii tena la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mimi jina la mnyama huliweka nyuma kabisa. Nataka kwanza kujua ngozi ilidabaghiwa, yaani ilitiwa dawa isioze, kwa kitu gani, ina unene gani, ilikatwa sehemu gani ya mwili, na imepakwa rangi kiasi gani. Haya manne yakiwa mabaya, hata ungeniletea ngozi ya farasi wa sultani, jaketi ni bovu.

Sifa ya farasi haikuzuka hewani, lakini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa imejaa farasi wa kulima na kuvuta mikokoteni, na ngozi zao zilipatikana kwa wingi. Mwaka 1928 Irving Schott wa New York alitoa Perfecto, jaketi linalotajwa kuwa la kwanza la pikipiki kufungwa kwa zipu. Alilishona kwa ngozi ya farasi, likauzwa dola 5.50. Mwaka 1931 jeshi la Marekani likapitisha jaketi la A-2 kwa marubani wake, la kahawia, nalo pia la farasi. Baadaye trekta na malori yakachukua kazi ya mnyama, farasi wakapungua, na washonaji wakahamia kwa ng'ombe. Kwa hiyo bei kubwa unayoiona leo imeletwa na uhaba. Ng'ombe hakushindwa kazi.

Viwanda vyetu vya ngozi hapa Kenya vinaishi kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Jaketi la farasi utakalolikuta Mombasa limetoka ng'ambo, ama mtu kaliagiza, ama limekuja ndani ya belo la mitumba likaangukia sokoni Kongowea.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba farasi mmoja hatoi ngozi ya namna moja. Shingo, mabega na mbavu ndiko kunakotoka ngozi ya majaketi. Matakoni, chini ya uso wa ngozi, kuna tabaka lililosongamana sana ambalo hufanyiwa kazi peke yake na kuitwa kodovani. Kiwanda cha Horween cha Chicago, kilichoanza mwaka 1905, huchukua miezi sita au zaidi kulimaliza. Hilo ni la viatu, pochi na mikanda ya saa. Mtu akikuambia jaketi lake zima ni la kodovani, mwagizie chai mbadilishe mazungumzo.

Ngozi ya sehemu ya mbele ya farasi, ile ya majaketi, ina nyuzi nyembamba zilizoshikana. Ndiyo maana ikisuguliwa huanza kung'aa, na mikunjo yake ya viwikoni hukaa mirefu, yenye kina, kila mmoja mahali pake. Na ndiyo maana jaketi jipya la farasi ni gumu, unaweza kulisimamisha sakafuni likasimama.

Juzi alikuja kijana wa bodaboda, jaketi kalikunja kwapani.

"Shikamoo ami. Hebu niangalizie hili, nimeambiwa ni farasi."

"Marahaba mwanangu. Kakuambia nani?"

"Aliyeniuzia."

Lilikuwa la hudhurungi iliyokolea, zito, kola imelala vizuri. Mbele sikuliangalia. Niligeuza pindo la chini, nikatafuta pale bitana ilipokuwa imeanza kufumuka yenyewe, nikaingiza kidole hadi nikapata ukingo uliokatwa na kuachwa bila kukunjwa. Hapo ndipo ngozi husema ukweli. Ngozi nzima, ukiitazama kwa ubavu, ni nyuzi tupu kutoka juu hadi chini, zimesongamana zaidi kuelekea usoni. Ukiona utando laini umekaa juu kama karatasi, na chini yake nyuzi zilizochanguka, hiyo ni ngozi ya tabaka la chini iliyovishwa plastiki. Na ukiona kitambaa kilichofumwa, hakuna mnyama hapo.

La kijana lilikuwa na kahawia juu, kahawia chini, na katikati mstari mwembamba wa kijivu unaokaribia samawati. Mstari ule ni alama ya chumvi za kromiamu: ngozi ilidabaghiwa nazo, ikatoka kiwandani na rangi hiyo ya samawati, kisha rangi ya kahawia ikaingia pande zote mbili bila kukutana. Hilo si kosa. Rangi iliyopita hadi ndani ni bora, kwa kuwa jaketi likikwaruzwa utaona kahawia nyingine tu, lakini rangi iliyoingia kiasi cha kutosha pia inatosha.

Nikalikunja mbele ya kifua, uso kwa uso, nikatazama mkunjo. Hili ni jaribio ninaloliamini kuliko yote. Ngozi iliyokatwa mahali pazuri hutoa mikunjo midogo sana, mingi, iliyokaribiana, na ukiachia hupotea. Ngozi ya tumboni hutoa mikunjo mipana inayoinuka, uso unajitenga na mwili wake kama utando wa maziwa yaliyopoa. Ukiipata hiyo begani au kwenye kiwiko, weka jaketi chini. Chini ya kwapa naweza kuisamehe. Mahali utakapoangukia siisamehe.

"Ni ngozi nzima," nikamwambia, "uso haujakwanguliwa, na unene unatosha barabara."

"Na farasi je, ami?"

"Huenda ndiye. Lakini hata angekuwa ng'ombe ningekwambia ulivae."

Hakufurahi sana. Ukweli ni kwamba ngozi ikishapakwa rangi na kukamilishwa, kutofautisha farasi na ng'ombe kwa macho ni kazi ngumu hata kwa fundi. Vinyweleo vya farasi ni vidogo na havijitokezi sana, vya ng'ombe huonekana vimetawanyika sawasawa, vya mbuzi huacha uso wenye vipele. Hizo ni dalili tu. Lebo ya ndani husaidia, ikiwa bado ipo na ikiwa ni ya kuaminika.

Kuhusu uso uliokwanguliwa. Ngozi yenye makovu mengi husagwa juu kwa msasa, ikapakwa rangi nzito, kisha ikagandamizwa chapa ya vinyweleo vya bandia. Dukani inapendeza kupita ile nzuri. Kuitambua, linganisha mgongo na kwapa. Kwa mnyama wa kweli sehemu hizo mbili hazifanani hata siku moja, na chapa ya mashine hufanana kila mahali. Sogeza kamera ya simu karibu kabisa, utaona.

Na hapa ndipo kahawia inapomfaa mnunuzi. Nyeusi hufunika kila kitu: kovu, kiraka, rangi iliyorudishiwa. Kahawia iliyotiwa kwa anilini, yaani rangi inayozama bila kuziba uso, huacha mikwaruzo ya miiba, alama za kuumwa na wadudu na mishipa ya shingoni ionekane. Alama hizo mimi huzipenda. Kahawia iliyo sawa tupu kutoka kola hadi pindo, bila wingu hata moja, inanitia shaka. Chovya kidole majini, gusa mahali pa siri ndani ya pindo. Tone likizama na kuacha doa linalokauka, rangi ni nyepesi. Likikaa juu na kuteleza, kuna tabaka la rangi nzito. Tabaka jembamba lina faida yake kwa mtu wa pikipiki, kwani huzuia maji na uchafu, kwa hiyo usilitupe jaketi kwa sababu ya tone moja. Sugua pia kola kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, kwa jasho la Mombasa itatoka kwenye shingo ya kanzu yako.

Sasa hali ya hewa yetu. Wapenzi wa majaketi ya farasi huko Marekani na Japani huisifu sana ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti. Magome tunayajua pwani, yale ya mikoko yetu yaliwahi kusafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyohiyo, na bara wana miwati. Ngozi ya magome inazeeka kwa uzuri na kahawia yake hukolea mwaka hadi mwaka. Lakini hupata ukungu haraka kuliko ya kromiamu, na haivumilii joto ikiwa imelowa. Ya kromiamu huhimili maji yanayokaribia kuchemka kabla ya kujikunja, ya magome hujikunja mapema zaidi. Mtu wa Nairobi anaweza kuchagua apendavyo. Anayekaa Likoni au Mtwapa, chumba kina chumvi na unyevu mwaka mzima, namshauri achukue ya kromiamu au iliyochanganya njia zote mbili.

Unyevu huohuo ndio unaomaliza majaketi ya plastiki. Poliyurethani, ile plastiki inayoigiza ngozi, huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata likiwa limetundikwa tu, kisha huanza kubanduka magamba begani. Likishaanza hakuna dawa, na hakuna fundi mwaminifu atakayekulipisha kulitengeneza.

Mitumba ya zamani ya kahawia ina ugonjwa wake. Sugua ndani ya kola kwa kidole gumba. Ukibaki na unga mwekundu, ngozi ya magome imeoza kwa asidi, nyuzi zimekatika, na mafuta ya aina yoyote hayatazirudisha. Vuta pia mshono wa bega, polepole. Majaketi mengi ya kale yalishonwa kwa uzi wa pamba, ambao huoza ngozi ikiwa bado nzima. Hilo linatengenezeka: tunapitisha sindano kwenye matundu yaleyale kwa uzi wa nailoni au poliesta. Fundi akitoboa matundu mapya pembeni ya yale ya zamani, anatayarisha mahali pa kuchanika.

Wateja wangu wengi ni Waislamu, na swali la kuswali nalo huja kila mara. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi pwani, ngozi ya mnyama ikishadabaghiwa hutahirika, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Farasi hana tatizo. Mwenye tatizo ni nguruwe, na yeye hujificha kwenye mifuko, kwenye bitana, na kwenye majaketi ya bei nafuu yenye uso wa manyoyamanyoya. Mtambue kwa vinyweleo: vimepangwa vitatu vitatu, pembe tatu ndogondogo uso mzima. Ukishaviona mara moja hutavisahau.

Unene nao. Kwa barabara natafuta milimita 1.2 hadi 1.4. Majaketi ya mitindo huwa chini ya 1, mazuri kwa harusi ya jioni. Mgongo uwe kipande kimoja, au angalau mshono usipite begani na kiwikoni ambako mtu hutua kwanza. Zipu za shaba hustahimili hewa ya bahari. Za chuma kilichopakwa hushika kutu, na kuzijua ni rahisi, beba sumaku ndogo ya spika mbovu: shaba haivutwi. Jaketi jipya la Ulaya likiwa na lebo ya EN 17092, kipimo cha Ulaya cha usalama wa mavazi ya pikipiki, herufi AAA ndiyo daraja la juu, kisha AA, kisha A. Majaketi ya kale hayana lebo hiyo wala vikinga vya viwiko na mabega, ila bitana ikifumuliwa naweza kushonea mifuko yake ndani.

Je, livaliwe mjini? Saa saba mchana wakati wa kaskazi, kwenye foleni ya Makupa, hapana, utaiva. Ni la safari ya alfajiri kwenda Malindi, ni la wanaopanda Voi hadi Nairobi, ambako kuanzia Mtito Andei usiku utashukuru. Ukirudi litundike kwenye hanga pana, mahali penye upepo, mbali na mfuko wa nailoni. Ukungu ukitokea, lipeleke nje, lifute kwa spiriti na maji nusu kwa nusu, likauke kivulini. Mafuta ya nazi usilipake. Kahawia itageuka karibu nyeusi, haitarudi.

Mwisho ni kulijaribu, na usilijaribu umesimama mbele ya kioo. Kaa kwenye pikipiki, shika usukani, inama kidogo. Mkono wa jaketi ufike kwenye kifundo cha mkono wako ukiwa umenyoosha, maana ukisimama utaonekana mrefu, na ndivyo inavyotakiwa. Ngozi ya farasi hulegea kidogo kidogo kwa kuvaliwa miezi mingi, kwa hiyo kubana kifuani, zipu ikifunga, siyo shida. Likikukata kwapani ukiwa umeshika usukani, mrudishie mwenyewe, kwani pale hakuna fundi atakayelipanua bila kuweka kiraka.